Laini ya Kipsang

Udongo mweupe wa Kariandusi kila mtu wa huku anaujua. Ni mwepesi kama unga wa ngano, ukiupuliza unapaa, na ukishaingia kwenye nguo hautoki kwa kufuliwa mara moja. Wapo wanaoupaka ukutani, wapo wanaowanyunyizia kuku kuua chawa. Lakini hakuna aliyewahi kuona mtu akiutumia kujichorea mpaka wa kujizuia mwenyewe, tena ndani ya shamba lake mwenyewe.

Mtu huyo ni Mzee Weldon Kipsang, na aliyembebea ndoo ya udongo ni binti yake wa mwisho, Jemutai.

Laini ilianzia langoni, ikakata majani ya nepia katikati, ikapita mbele ya zizi la Kipsang, ikateremka mpaka mtaroni. Nyumba yake ilibaki upande huu. Zizi lake likabaki upande ule. Kwa hiyo mtu ambaye alijua ng'ombe kabla ya kujua kusema alikuwa anaamka kila asubuhi, anasimama kando ya ule weupe, anawatazama ng'ombe wake kama mgeni, huku Jemutai akikamua.

Yote yalitoka kwa sukuma wiki. Mwezi wa tatu, ng'ombe wawili wa Kipsang waliingia kwa jirani yake, Mzee Obura, wakamaliza mboga. Obura ni mtu wa reli, alistaafu akanunua hapo kipande cha shamba, na ile mboga alikuwa anaipenda kama mtu anavyopenda mjukuu. Maneno yakatoka, fimbo ikatoka, na jioni hiyo Obura akalala hospitalini mkono wa kulia umevunjika. Kipsang akalala seli. Akakaa rumande siku kumi na moja.

Jemutai alikuwepo kortini siku ile baba yake alipopewa bondi, benchi la tatu, karibu na dirisha. Yeye aliishia darasa la nane, mama yake alipofariki akabaki nyumbani na ng'ombe, na maneno ya korti hakuyajua. Lakini macho anayo. Aliona shangazi yake Zeddy akitoa hati ya shamba lake kumdhamini kaka yake. Akamsikia hakimu, mama mdogo wa mwili mwenye sauti ya chini, akisoma masharti: mshtakiwa asitoke kaunti ya Nakuru bila ruhusa; aripoti kila Jumatatu Gilgil kwa afisa wa probesheni; asifike mita mia moja kutoka nyumba ya mlalamikaji; asizungumze naye, wala asimtumie ujumbe wowote, yeye mwenyewe au kupitia kwa mtu mwingine.

"Ukivunja hata moja," hakimu alisema, "utarudi rumande mpaka kesi iishe, na shamba la dada yako litakuwa hatarini. Umeelewa?"

Jemutai alisogea mbele kwenye benchi. Baba yake alikuwa mtu wa kumwambia chifu anyamaze. Alikuwa mtu asiyepanga foleni hata ya kupiga kura. Akamwona akikunja kofia mikononi.

"Nimeelewa. Ndiyo."

Basi. Maneno mawili. Jemutai alidhani yamesemwa ili mlango ufunguliwe.

Lakini Jumatatu ya kwanza, Kipsang alipofika Gilgil, kabla hajaketi akauliza, "Madam, hizo mita mia moja zinaanzia wapi? Kwa fensi ama kwa mlango?"

Madam Immaculate, afisa wa probesheni, alimtazama juu ya miwani. Alikuwa mwanamke mzito, asiyecheka ovyo, mwenye mafaili mpaka dirishani. "Miaka kumi na mbili niko hapa," akasema, "hakuna mtu amewahi kuniuliza hiyo." Akasoma karatasi tena. "Imeandikwa nyumba. Ni mlango."

Wakapima Jumatano. Kipsang mwenyewe hangeweza kukaribia, kwa hiyo Jemutai ndiye aliyeshika ncha ya kamba kwenye mlango wa Obura, mzee wa kijiji akiwa shahidi, na Mama Achola, mke wa Obura, amesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono kiunoni.

"Sasa mnanipimia jeneza ama ni nini?"

"Ni korti, mama," Jemutai akasema, akiikaza kamba mlangoni.

"Korti! Na vile ng'ombe walikula mboga yangu, korti ilipima?"

Kamba ikavutwa. Ilipoishia, ikapita zizi la Kipsang kwa hatua ishirini. Mzee wa kijiji akakohoa. "Hapa tunaweza kurudisha nyuma kidogo, Kipsang. Zizi ni lako."

"Mita ni mia moja," Kipsang akasema. Akachukua ndoo.

Sokoni walimcheka mpaka wakachoka. "Mzee, hiyo laini ni ya bondi ama ya mpira?" "Ukikanyaga, refa anapuliza filimbi?" Yeye ananunua chumvi ya ng'ombe, anaondoka. Jemutai ndiye aliyeumia. Asubuhi moja ndama wao alinasa mguu kwenye waya wa zizi, na baba akawa anamwelekeza kwa sauti kutoka kwenye laini, shika hapa, legeza pale, mpaka Jemutai akalia kwa hasira.

"Baba, hakuna mtu anaona! Ingia tu ushike huyu ndama!"

"Nani alisema ndiyo kwa hakimu?"

"Ni wewe."

"Nilisema ndiyo nikionekana peke yake?"

Jemutai akainama akalegeza waya. Siku hiyo ndipo alipoanza kumtazama baba yake kama mtu anavyotazama mlima aliozaliwa chini yake na hajawahi kuuona vizuri kwa sababu ya ukaribu.

Wiki ya sita, Jumapili, saa nne asubuhi, ng'ombe wa Obura alianza kulia.

Obura alikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa gredi, wale wa maziwa mengi, mweusi na mweupe, aliyemnunua kwa pesa zake za uzeeni, na kwa sababu ya reli alimwita Injini. Kipsang alikuwa anachonga mpini mbele ya nyumba. Akasikia mlio wa kwanza, akasimamisha kisu. Akasikia wa pili, akaweka mpini chini. Wa tatu ulipotoka alikuwa ameshafika kwenye laini, vidole vya miguu vikigusa weupe.

"Huyo anazaa vibaya," akamwambia Jemutai, ambaye alikuwa zizini na debe la maziwa. "Ndama ametanguliza mguu mmoja. Sikia vile anakata sauti katikati."

Upande ule, ng'ombe alikuwa amelala chini ya mti wa mgunga, karibu na fensi ya Obura, kama mita hamsini kutoka kwenye laini. Obura alikuwa amepiga magoti kando yake, mkono wa kulia bado kwenye plasta, mkono wa kushoto ukimpapasa ng'ombe bila kujua unatafuta nini. Mama Achola alikuwa na simu sikioni. Daktari wa mifugo, Mburu, alikuwa ameitwa Salgaa tangu alfajiri, na simu yake haikushika. Majirani wote walikuwa kanisani.

Na palikuwa na Maxwel, kijana wa Obura anayeuza simu mjini Nakuru, aliyekuja kumwona baba yake wikendi. Huyu alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba Kipsang lazima arudi rumande. Alipomwona kwenye laini, akatoa simu mfukoni, akaielekeza kwake.

"Vuka, mzee!" akapaza sauti. "Vuka tu! Niko tayari!"

Mama Achola hakumjali. Alikuja mbio mpaka kwenye laini, viatu mkononi. "Baba Jemutai, tafadhali. Watu wote wanasema wewe ndiye unajua. Tafadhali, ng'ombe anakufa."

Kipsang aligeuza uso, akalitazama Ziwa Elmenteita lililokuwa linang'aa kule chini na kingo zake zilizogeuka waridi kwa wingi wa ndege. Shingo yake ilikuwa imesimama mishipa. Mama Achola alikuwa shahidi wa pili kwenye kesi, na kumjibu yeye ni kumtumia mumewe ujumbe; lakini asiyejua angedhani ni kiburi.

"Jemutai," akasema, macho bado ziwani. "Wewe hukukatazwa kitu. Nenda."

"Mimi? Baba, mimi sijawahi—"

"Osha mkono mpaka begani. Sabuni, halafu mafuta ya kupikia, mengi. Nikiongea naongea na wewe. Na wewe usinijibu maneno ya mtu mwingine. Nijibu ya ng'ombe tu."

Jemutai akaweka debe chini, akatoka zizini mbio. Mama Achola akaleta beseni na chupa ya mafuta. Obura alimtazama yule msichana wa adui yake akipandisha mkono wa blauzi, akasogea kumpa nafasi.

"Lala chini!" sauti ya baba ikaja kupitia majani. "Lala ubavu nyuma yake! Mkono ndani, pole pole, vidole vimefungwa pamoja kama mdomo wa kuku!"

Jemutai akalala kwenye nyasi. Mkono ukaingia. Joto lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, joto la mkate ukitoka jikoni, na kulikuwa na nguvu mle ndani iliyoubana mkono wake mpaka akahisi mifupa inakutana.

"Anasukuma?"

"Anasukuma! Baba, unavunjika, mkono wangu!"

"Usivute! Tulia ndani! Akiacha, ndipo uendelee!"

Ng'ombe akaacha. Jemutai akaendelea. Akapapasa ule mguu ulionyooka, kwato laini kama sabuni iliyolowa. Akapita juu yake. Akafika kifuani kwa ndama. Kichwa hakikuwepo.

"Hakuna kichwa!"

"Kipo. Kimegeuka. Fuata shingo. Enda kushoto, huko ubavuni."

Akafuata shingo. Ilijikunja kama mtu aliyelala akajifunika. Akanyoosha vidole mpaka bega lake likagusa matako ya ng'ombe, akagusa kitu kigumu, taya, halafu kitu chenye unyevu, na kidole chake kimoja kikateleza mahali.

Kitu hicho kikamnyonya kidole.

Mle gizani, ambamo hakuna mtu aliyewahi kuona, ulimi mdogo wa kukwaruza ulikuwa umezunguka kidole chake na ulikuwa unavuta, mara moja, mara mbili, kwa subira, kama ulikuwa unamngoja.

"Jemutai! Nini?"

"Ananyonya," akasema. Sauti haikutoka. Akasema tena kwa nguvu, machozi yakimwingia sikioni kwa sababu ya vile alivyolala. "Baba, yuko hai! Ananinyonya kidole!"

Maxwel mwenyewe alikuwa ameshusha simu kidogo.

Hapo ndipo Mzee Obura aliposimama. Alitembea mpaka fensi yake, plasta ikining'inia kifuani, akapaza sauti kwa uchungu wa mtu aliyeshindwa.

"Kipsang! Wacha mchezo! Huyu ni mtoto, hawezi! Njoo wewe! Mimi ndiye nilishtaki, na mimi nakuruhusu! Unasikia? Nakuruhusu!"

Jemutai aligeuza kichwa kwenye nyasi. Kutoka pale chini aliweza kumwona baba yake katikati ya miguu ya Mama Achola. Alikuwa amepiga magoti. Magoti yote mawili yalikuwa yamekanyaga ukingo wa weupe upande wa kwake, na mikono alikuwa ameikaza nyuma ya mgongo, mmoja umeshika mwingine, kama polisi amemfunga pingu. Simu ya Maxwel ilikuwa imeinuliwa tena.

"Si umeitwa?" Maxwel akasema. "Baba mwenyewe amekuita. Kuja!"

Jemutai alijua. Kila mtu Kariandusi angesema mwenye mkono uliovunjika akisema njoo, ni kwisha. Yeye mwenyewe angesema hivyo. Lakini aliyesoma masharti hakuwa Obura. Akaona midomo ya baba yake ikifunguka. Kulikuwa na jibu pale, aliliona likija, jibu la mtu kwa jirani yake wa miaka kumi na tano.

"Jemutai, mwambie—"

Akajikatiza. Akafumba macho. Hata hilo lilikuwa ujumbe.

Obura alisubiri. Upepo ukapita kwenye nepia. Na Kipsang, aliyewahi kumvunja mtu mkono kwa sababu ya neno moja, akauacha mwito wa Obura umpige usoni kama kofi, na alipofungua macho akasema, kwa sauti iliyokwaruza, "Jemutai. Mkono wako. Kidole kitoe mdomoni. Shika taya ya chini, meno yake uyafunike na kiganja yasimkwaruze mama yake."

Obura akabaki pale kwenye fensi. Kisha akavua kofia yake ya reli, Jemutai hakujua ni kwa nini, akarudi akapiga magoti kando ya kichwa cha ng'ombe.

"Fanya vile anasema, nyathina," akanong'ona. Mtoto wangu. Hakuwahi kumwita hivyo.

"Sukuma kifua nyuma na kiganja, vuta taya kuja kwako! Yote mara moja! Akiwa ametulia!"

Ilikataa. Ikakataa tena. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, hakujua tena ni wapi vidole vyake vinaishia na ndama anaanzia. Mara ya tatu kile kichwa kikageuka, polepole, chote kwa pamoja, kama mlango mzito uliokuwa unangoja mtu wa kuusukuma upande wake wa kweli. Akaguna kwa mshangao.

"Kimekuja!"

"Sasa mguu wa pili. Shika kwato ndani ya ngumi yako. Lete."

Akaleta.

"Sasa kamba. Mwanaume yeyote aliye hapo avute na wewe. Sijasema nani."

Maxwel akatazama simu yake. Akaitazama kamba. Akaiegemeza simu kwenye nguzo ya fensi, bado ikirekodi, akaja na viatu vyake vyeupe vya mjini.

"Ng'ombe akisukuma mnavuta. Akipumzika mnapumzika. Kuelekea chini, kwa kwato zake, msivute kama gari!" sauti ya Kipsang ikaja.

Wakavuta. Wakapumzika. Wakavuta. Pua ikatokea na ulimi wa bluu umetoka pembeni, kisha paji, kisha mabega, na halafu vyote vilivyobaki vikaja kwa haraka ya maji, vikawaangukia miguuni, vikifuka moshi. Jemutai akasafisha pua kwa vidole, akaingiza jani la nyasi puani kama alivyoambiwa. Ndama akapiga chafya. Akatingisha masikio.

Hakuna aliyeshangilia. Mama Achola alikaa chini pale pale kwenye uchafu. Maxwel aliishika kamba kama amesahau jinsi ya kuiachilia. Injini akageuza shingo na kuanza kuguna, ile sauti ya chini ambayo ng'ombe humtolea ndama wake peke yake, na Jemutai akasikia nywele za mkono wake zikisimama chini ya damu na mafuta.

Alipogeuka, baba yake alikuwa anaondoka, amewapa mgongo, anapangusa magoti.

Jioni Jemutai akataka kurudi kuona hali. Kipsang akakataa.

"Ukienda kuuliza, ni mimi nimekutuma. Kaa."

"Lakini baba, unataka kujua."

"Nataka sana. Kaa."

Asubuhi wakaenda Gilgil pamoja. Jemutai alitegemea baba yake atatia sahihi kwenye kitabu kama Jumatatu zingine wakarudi. Kumbe mzee hakugusa kalamu. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi.

"Madam, kabla sijasaini. Jana nilipaza sauti. Niliongea na msichana wangu akiwa kwa mlalamikaji. Mlalamikaji alisikia. Nilimwambia pia atafute mtu wa kuvuta, na aliyevuta ni kijana wake. Kama hiyo ni kumtumia ujumbe, nimevunja. Mfuko wangu wa nguo uko hapa."

Kweli alikuwa nao. Jemutai alikuwa ameuona mkononi mwake tangu nyumbani akidhani ni wa kubeba unga. Alifikiria shamba la shangazi Zeddy, alifikiria rumande, na pamoja na hofu yote hiyo kulikuwa na kitu kingine kifuani, kikubwa, kilichomfanya atake kukaa kimya kama mtu aliyeingia kanisani watu wakiomba.

Madam Immaculate akavua miwani. Kabla hajasema kitu, mlango ukagongwa, na aliyeingia ni Maxwel, viatu bado vina madoa, simu mkononi.

Kipsang akageukia ukuta.

"Nimeleta ushahidi," Maxwel akasema. Kisha akaonekana hajui pa kuweka macho. "Nilisema nitaleta, nimeleta. Lakini madam, uangalie yote. Usikate."

Wakaangalia yote. Dakika arobaini na mbili. Ofisini hapakusikika kitu ila ng'ombe na sauti ya mzee. Ilipofika mahali Obura anapaza sauti, nakuruhusu, Madam Immaculate akaisimamisha, akairudisha, akaitazama tena. Yale magoti. Ile mikono nyuma ya mgongo. Ule mdomo uliofunguka ukafungwa. Akairudisha mara ya tatu, na Jemutai akaona hafanyi hivyo kwa ajili ya ripoti.

"Nitaiandikia korti kila kitu, vile umesema na vile nimeona," akasema mwishoni, polepole. "Kuamua ni kazi ya hakimu. Lakini nitaandika kwamba hukuvuka, na kwamba uliitwa na mlalamikaji mwenyewe na hukumjibu. Korti haikukukataza kuongea na msichana wako. Kwa upande wangu, bondi yako iko vile ilivyokuwa. Rudisha nguo nyumbani, mzee."

Kipsang alichukua kalamu, akaandika jina lake, herufi moja baada ya nyingine. Lakini hakuondoka. Alibaki ameutazama ukuta, kofia ikizunguka vidoleni.

"Nini tena?"

"Madam, kuna swali. Mimi siwezi kumuuliza huyu kijana, kwa sababu jibu liko kwa baba yake. Sijalala. Ni swali la ng'ombe."

Alimnong'oneza. Madam Immaculate alisikiliza, nyusi zikipanda. Kisha akasimama, mwanamke aliyekuwa hasimami hata wakubwa wakiingia, akavuta koti lake likakaa sawa, akamgeukia Maxwel na kumuuliza kwa sauti ya serikali:

"Kijana. Ofisi hii inataka kujua. Kondo ya nyuma ilitoka yote?"

"Ilitoka, madam," Maxwel akasema. "Saa nane. Yote. Na ndama amenyonya chuchu zote nne."

Kipsang hakugeuka. Alivaa kofia yake, na Jemutai akaona mabega ya baba yake yakishuka polepole, mpaka chini kabisa.